Bundi Katika Picha: Uhakiki wa Mkusanyo Kutoka Jinja na Mbale

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki picha. Tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na diwani, na hata pale tulipojadili nyimbo tulishika maneno zaidi kuliko sauti. Hata hivyo mkusanyo uliotufikia kutoka Uganda mashariki umetulazimisha kuuvuka mpaka huo. Ni picha 31 za bundi, zimebandikwa katika daftari kubwa la jalada gumu, na chini ya kila picha pana maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa mkono. Aliyezipiga ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Ameomba asitajwe jina, nasi katika makala haya tutamwita mpigaji. Alizipiga baina ya Desemba na Februari, nyingine Jinja na nyingine kandokando ya Mbale, na huzitumia darasani kufundishia insha za maelezo.

Hiyo peke yake ingetosha kutuvuta. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na kila mwalimu ajuaye hali ya huko anafahamu jinsi zana za kufundishia zinavyotafutwa kwa tochi. Zana inapotengenezwa na mwalimu mwenyewe, kutokana na mazingira ya wanafunzi wake, inastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoyapa maandishi ya watunzi wakubwa. Kwa hiyo tutaichambua kwa mizani tuliyoizoea ya fani na maudhui, wala hatutamwonea haya mwenzetu pale alipokosea.

Tuanze na anwani. Mkusanyo unaitwa "Bundi wa Majira ya Baridi". Jinja iko karibu nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta. Desemba hadi Februari huko ni kiangazi: nyasi hukauka, vumbi huinuka barabarani, na urefu wa usiku haubadiliki kwa kiasi cha mtu kuutambua. Baridi iko wapi? Ni dhahiri kwamba mpigaji amejifunza kazi yake kutoka katika vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako majira ya baridi ndiyo msimu wa kuwatafuta bundi. Huko miti huwa imepukutika, ndege aliyejificha majira yote ya joto huonekana juu ya tawi tupu, na njaa huwatoa wengine mchana. Maelekezo hayo ameyachukua pamoja na jina lake. Wala asingeweza kuponea kwenye neno letu la kipupwe, maana kipupwe cha pwani huja Juni hadi Agosti.

Walakini tusimhukumu upesi. Kiangazi cha Uganda mashariki humpa mtafuta bundi sehemu ya kile ambacho baridi humpa mwenzake wa Ulaya: miti kadhaa hupunguza majani, na njia za mashambani hupitika. Tena iko picha ya 27. Ndani yake mna bundi mdogo sana, mwenye masikio ya manyoya, amejibana kwenye gamba la mti hata macho ya msomaji humpita mara mbili kabla ya kumwona. Maelezo yanasema: "Mgeni aliyekimbia theluji." Hapa mpigaji anagusa jambo la kweli. Yuko bundi mdogo anayezaliana kuanzia Ulaya ya kusini hadi Asia ya kati, ambaye baridi inapokaribia huvuka jangwa la Sahara na kukaa katika mbuga za miti zilizo kusini yake, Uganda ikiwamo, hadi majira ya kuchipua kwao. Kwa hiyo baridi ya Ulaya inafika Mbale kwa njia ya mabawa, na anwani ya mkusanyo inapata haki ambayo hatukuitazamia.

Tatizo ni kwamba picha haithibitishi maelezo yake. Tunaye pia bundi wa kwetu wa jamii hiyo hiyo, anayeishi Afrika mwaka mzima, na wawili hao hufanana kiasi cha kuwababaisha hata mabingwa. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni sauti, lakini mgeni huyo aghalabu hunyamaza akiwa huku. Njia nyingine ni urefu wa ncha za bawa, ambao kwa msafiri ni mkubwa zaidi. Katika picha ya 27 ncha za bawa zimefichwa na tawi. Mpigaji ametupa hadithi nzuri pasipo ushahidi. Mwandishi wa riwaya tungemsamehe, bali mwalimu anayefundisha insha ya maelezo hatuwezi kumsamehe, kwa kuwa somo lenyewe ni kutofautisha kile kinachoonekana na kile kinachodhaniwa. Neno moja tu, "huenda", lingetosha.

Tukija kwenye fani, tunakiri kwamba mpangilio wa picha za mwanzo umetustaajabisha. Picha tatu za kwanza hazina bundi hata mmoja. Ya kwanza inaonyesha shina la mti lenye michirizi myeupe ya kinyesi. Ya pili inaonyesha vidonge vya manyoya na mifupa vilivyolala juu ya majani makavu. Bundi humeza windo lake likiwa zima au kwa vipande vikubwa, kisha huyatapika yale yasiyosagika tumboni. Ya tatu ni kundi la shore na chozi wakipiga kelele kuzunguka kichaka, kama wanawake waliomgundua mwizi uani. Mpigaji anamfundisha msomaji kutafuta kabla ya kumwonyesha kinachotafutwa. Watunzi wetu wachache wana subira ya kumchelewesha mhusika mkuu kiasi hicho.

Anapotokea katika picha ya 4, hatokei peke yake. Ni wawili, dume na jike, wamekaa bega kwa bega ndani ya mwembe mkubwa katika mtaa wa nyumba za zamani za Jinja, karibu na ziwa. Ni wale bundi wa msituni wenye macho meusi na kifua chenye mistari, ambao usiku huitana na kujibizana. Kamera imekaa mbali na chini. Jani moja limekata bawa la kushoto, na jicho la jike limefumba nusu. Mpigaji mwenye papara angelikata lile jani, au angelirusha kijiwe ili jike afumbue macho. Huyu hakufanya hivyo, na ndiyo sababu picha ina utulivu wa nyumba ambayo wenyewe hawajui kwamba wanatazamwa.

Picha ya 12 na ya 15 tunazitaja pamoja ingawa ndege wake hawana ukubwa mmoja. Katika ya 12, iliyopigwa tambarare ya chini ya Mbale, yumo bundi mkubwa kuliko wote wa Afrika, amelala mchana juu ya mgunga. Amefumba macho, na kope zake za juu ni za rangi ya waridi, kana kwamba amepakwa rangi kwa ajili ya harusi. Anayejua bundi kwa hadithi tu hawezi kuamini. Katika ya 15, iliyopigwa kaskazini ya Mbale kuelekea Kumi, tunaoneshwa kisogo cha bundi mdogo kuliko ngumi, na kisogoni hapo pana madoa mawili meusi yanayofanana na macho. Anayemnyemelea kwa nyuma hudhani anatazamwa. Mpigaji angeweza kusubiri ndege ageuke, na bila shaka aligeuka, maana shingo ya bundi ina mifupa 14, mara dufu ya yetu, nayo huzunguka karibu robo tatu ya duara. Lakini alichagua kisogo. Huo ni uamuzi wa kisanaa, nao ni sahihi.

Nuru nayo imetumiwa kwa busara mahali pengi. Karibu na Ikweta jua huzama wima, na utusitusi wa jioni haudumu hata nusu saa. Mwenye kumsubiri bundi aanze kuruka ana dakika chache tu kabla giza halijafunga. Picha ya 18 ilipigwa ndani ya dakika hizo, kwenye mashamba ya mpunga ya Doho yanayonyweshwa na mto Manafwa. Bundi wa nyasi anapita chini chini juu ya jaruba, na kwa ufundi wa kawaida picha imeharibika: ndege ni ukungu, bawa moja halipo, maji yako wazi kuliko yeye. Sisi tunaiona kuwa miongoni mwa bora. Manyoya ya ukingo wa bawa la bundi yana meno kama ya kitana, yanayoupasua upepo usivume, ndiyo maana panya hasikii kitu hata mwisho wake. Ule ukungu wa picha ni kimya hicho kilichopata umbo.

Hapa yafaa tutazame nje kidogo. Mwingereza Eric Hosking, aliyeyatoa maisha yake kwa picha za ndege, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 baada ya kushambuliwa na bundi aliyekuwa akimpiga picha kiotani, na hakuacha kazi. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1948 inamwonyesha bundi mweupe mwenye windo mdomoni, mabawa ameyatandaza kama nembo ya ufalme. Ni picha kamilifu, na ukamilifu wake umewatawala wapigaji wengi waliofuata: kila mmoja hutaka mabawa wazi, macho mbele, windo mdomoni. Miaka mingi baadaye, Januari 2016, kamera ya kuangalizia magari katika barabara kuu ya Montreal, Kanada, ilimnasa bundi wa theluji akipita mbele yake na mabawa wazi, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Hapakuwa na mpigaji. Hapakuwa na subira, wala ujuzi, wala jicho lililopotea. Twaitaja si kwa dhihaka, ila kwa kuwa inamwuliza kila mpigaji swali gumu: ikiwa chombo kisicho na akili kinaweza kuleta umbo lile lile, mchango wake yeye ni nini? Picha ya 4 na ya 15 zina jibu. Picha ya 9 haina.

Picha ya 9 ndiyo doa la mkusanyo huu. Inamwonyesha bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo, akishuka na makucha mbele. Ni nembo ya Hosking kabisa. Lakini ukitazama pembeni utaona uzi umefungwa kwenye kigingi, na mwisho wa uzi ni panya hai. Katika Marekani ya Kaskazini desturi hii imeenea wakati wa baridi: wapigaji hununua panya dukani, huwarusha juu ya theluji, na bundi hujifunza kuwafuata watu na magari. Wengi wa wapenda ndege wameikemea kwa sababu hiyo, nasi tunajiunga nao. Tunaongeza hoja ya kihakiki. Picha hiyo inasema uongo. Maelezo yake ni "Mwindaji kazini", hali hapakuwa na uwindaji wala kazi. Palikuwa na karamu iliyoandaliwa. Bundi huyu ana masikio yasiyolingana kimo, moja juu kidogo ya jingine, na kwa hayo huweza kumpata panya gizani totoro kwa kusikia tu, kama Roger Payne alivyoonyesha katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1971. Kumfungia kiumbe wa namna hiyo panya kwenye uzi ni sawa na kumwandikia malenga shairi kisha kumsifu kwa utunzi wake. Picha ya 10, ambamo taa ya kamera imemmulika usoni hata macho yamekuwa vioo viwili vitupu, ni ya ukoo huo huo. Zote mbili ziondolewe.

Sasa maudhui, na hapa ndipo penye uzito. Maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa chini ya picha yanapingana na picha zenyewe. Wale wawili wa mwembeni wameandikiwa "Wanangoja msiba". Yule wa kope za waridi ameitwa "Mjumbe wa mauti". Hata ndege wa Doho, anayewinda panya wa mpunga, ameitwa "Mkosi unapita". Mtu akiyasoma maelezo bila picha atadhani amefungua hadithi ya wachawi.

Tunajua yalikotoka. Katika masimulizi ya pwani na katika riwaya zetu nyingi, bundi akilia juu ya paa msomaji huhesabu kurasa tu mpaka matanga yaanze. Kamusi zetu zina pia jina babewana, na sikio lolote la Mswahili husikia humo kitisho cha kuwanyamazishia watoto. Si pwani peke yake: wanafunzi wa Jinja wanaomwita ekiwuugulu kwa Kiganda na wenzao wanaomwita tula kwa Kijaluo wameletewa hofu hiyo hiyo na bibi zao. Wala hofu haikuzuka hewani. Mkesha wa mgonjwa huwaweka watu macho usiku wa manane, saa ambayo bundi hulia kila siku pasipo mtu kumsikia. Asubuhi mgonjwa akifa, sauti iliyosikika hupewa lawama. Hatuwadharau waliofikia hukumu hiyo. Tunachokataa ni mwalimu aliyekaa saa nzima chini ya mwembe, akaona kwa macho yake ndege wawili wakisinziana begani, kisha akarudi nyumbani na kuandika sentensi aliyoirithi. Jicho lake limefanya kazi ya utafiti. Kalamu yake imefanya kazi ya kunakili.

Sehemu ya kosa ni ya lugha tuliyompa. Kiswahili sanifu kinamwita bundi kila ndege wa jamii hii, awe mkubwa kama kuku jike au mdogo kama ngumi, wa msituni au wa mpunga. Ukikosa jina la kutofautisha, unabaki na sifa, na sifa iliyo karibu ni ya mkosi. Basi linafurahisha jambo tunaloliona ukingoni mwa daftari, ambapo kwa penseli wanafunzi wamejaribu majina yao wenyewe: bundi uso-moyo, bundi kope-waridi, na kwa yule mdogo wa kisogo cha ajabu, kibundi macho-manne. La mwisho hilo tunalipenda sana. Limetumia kiambishi cha udogo palipostahili, limetaja alama ambayo mtu anaweza kwenda kuihakikisha mtini, na lina ucheshi. Bundi uso-moyo linatutia shaka kidogo, kwani moyo wa umbo hilo ni wa kadi za salamu kuliko wa buchani. Lakini kila mtoto atalielewa, na lugha haikungoja ruhusa yetu. Mpigaji ameyaacha majina haya ukingoni. Tungependa yaingie katikati, na "mjumbe wa mauti" atoke.

Mtu anaweza kusema tunafanya ukali juu ya maneno matatu manne katika daftari la mwalimu. Tunamwomba afungue picha ya 22. Ndani ya dari ya nyumba moja ya Mbale wamo makinda watatu wa uso-moyo, weupe kama pamba, wamesimama kwa mstari na kumtazama mwenye simu. Picha ya 23 ni ya mahali pale pale. Tundu la dari limezibwa kwa mbao mpya, misumari inang'aa, na chini yake pameandikwa: "Waliondolewa, 19 Januari."

Tulikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Kisarufi haina dosari. Kauli ya kutendwa imetumika sawasawa, wakati uliopita uko mahali pake. Lakini kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba kauli hiyo hutuwezesha kumficha mtenda. Nani aliwaondoa? Aliwapeleka wapi? Makinda wa manyoya ya pamba hawawezi kuruka. Na tunapogeuza ukurasa kurudi nyuma tunamkuta mzazi wao, picha ya 21, ameandikiwa "Mgeni asiyetakiwa". Hatusemi kwamba maneno ya daftari ndiyo yaliyopigilia misumari. Tunasema kwamba aliyepigilia na aliyeandika wanatumia msamiati mmoja, na kwamba darasa la watoto arobaini linalosoma picha ya 21 kabla ya ile ya 23 limekwisha kuandaliwa kutouliza swali.

Hasara yenyewe inapimika kwa ghala. Makinda wa bundi huyu hulishwa panya usiku kucha kwa majuma mengi, na ukanda wa Mbale na Butaleja ni wa mahindi na mpunga. Mkulima anayemfukuza bundi aghalabu humalizia kwa kununua sumu ya panya, na panya aliyekula sumu hiyo akiliwa na bundi wa shamba la jirani humdhuru naye pia. Katika Kenya ya kati, Darcy Ogada na mwenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya bundi wakubwa wanaoishi katikati ya mashamba ya wakulima wadogo, wakiangalia dawa za mashambani pamoja na yale ambayo wakazi wanayajua na kuyaamini. Ni vizuri kuona kwamba wanasayansi wa ndege nao wamelazimika kuuliza watu wanasema nini. Hilo ni eneo letu sisi walimu wa lugha, na tumeliacha wazi.

Picha za 24 hadi 31, ukiacha ile ya 27, hazina mengi. Tatu ni za mbali mno, na ile ya genge la Wanale ni nzuri kwa genge kuliko kwa bundi.

Mpigaji ametuandikia kwamba muhula ujao ataandaa daftari la pili. Tunamshauri aondoe picha ya 9 na ya 10, aongeze "huenda" katika ya 27, na maelezo yote yaliyobaki awape wanafunzi wayaandike upya wakiwa chini ya miti yenyewe, pale mwembeni Jinja na kandokando ya majaruba ya Doho. Picha ya 23 aiache ilivyo, ila kitenzi chake kirudishiwe mtenda.